Daktari Aliyebaki: Maisha ya Albert Cook wa Mengo

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya funzo la juma hili: Luka 10:25–37, 2 Wakorintho 4:7–10, Mathayo 25:31–46, Mithali 18:13, 2 Timotheo 2:2.

Fungu la kukariri: Wagalatia 6:9.

Wafugaji na warina asali wa Manyoni na Itigi wanamfahamu mbung'o. Anayekwenda porini upande wa Rungwa hujua kwamba inzi huyo akiuma, maumivu yake hupenya hata nguo. Wazee wanajua pia kwamba mbung'o ameua ng'ombe wengi na kwamba yeye ndiye anayebeba ugonjwa wa malale kwa binadamu. Leo malale yana dawa, na wagonjwa wake ni wachache. Lakini kulikuwa na wakati ambapo ugonjwa huu ulizikumba pwani za Ziwa Nyanza ukafagia vijiji vizima, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na dawa ya kuuponya.

Juma hili tunajifunza maisha ya daktari aliyekuwa hapo wakati huo. Jina lake ni Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya Mengo nchini Uganda. Hakuwa Mwadventista, alikuwa mmisionari wa Kanisa la Anglikana. Hata hivyo maisha yake yanatufundisha jambo ambalo kila anayetaka kuwasaidia watu wakati wa maafa lazima alijue. Wengi huja siku ya kwanza, wakati habari ni mpya na mioyo ina moto. Mtihani wa huruma huja baadaye, pale dawa inapokwisha, chakula kinapokuwa haba, moto unapoteketeza ulichojenga, au unapogundua kwamba hata wewe msaidizi ulikuwa umekosea. Je, utabaki?

Tunapoyapitia maisha haya, tusimtafute shujaa asiye na doa. Biblia yenyewe haikuficha makosa ya watu wake. Tutafute jinsi Mungu anavyoweza kumtumia mtu wa kawaida katika taabu isiyo ya kawaida, na tujiulize Bwana anatutaka tufanye nini hapa tulipo, Iramba, Ikungi, Mkalama au Singida mjini.

JUMAPILI
Kutoka London hadi Mengo

Albert Ruskin Cook alizaliwa Hampstead, London, tarehe 22 Machi 1870. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akafundishwa udaktari katika hospitali ya Mtakatifu Bartholomew, mojawapo ya hospitali kongwe za jiji hilo. Daktari kijana wa namna hiyo angeweza kuishi vizuri kwao. Yeye alijitoa kwa chama cha wamisionari cha CMS, na mwaka 1896 akasafiri kwenda Afrika Mashariki.

Wakati huo ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulikuwa ndiyo kwanza umeanza. Njia ya kwenda Uganda ilikuwa ya miguu, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo kichwani kwa miezi. Katika msafara ule alikuwamo muuguzi aitwaye Katharine Timpson. Wawili hao walioana mwaka 1900, na habari za Albert haziwezi kusimuliwa vema bila kumtaja Katharine.

Msafara ulifika Mengo, jirani na ikulu ya Kabaka, mwezi Februari 1897. Wagonjwa walianza kuja mara moja. Kabla ya katikati ya mwaka kulikuwa na hospitali ndogo iliyojengwa kwa miti, matete na nyasi kama nyumba nyingine za nchi ile.

Daktari hakupewa nafasi ya kuzoea polepole. Mwezi Julai mwaka huo huo Kabaka Mwanga aliasi utawala wa Waingereza, akashindwa na kukimbilia upande wa Wajerumani kusini. Miezi michache baadaye askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia serikali ya Uganda nao waliasi. Walikuwa wamechoshwa na safari ndefu, mishahara midogo na malipo yaliyocheleweshwa. Waliiteka ngome ya Luba huko Busoga, na vita vikawa vikali. Cook alikwenda huko kuwahudumia majeruhi. Mwezi Desemba 1897 mwenzake katika utume, George Pilkington, mtu aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiganda, aliuawa katika mapigano hayo. Hivyo mwaka wa kwanza wa daktari ulikuwa na hospitali mpya, maasi mawili na kaburi la rafiki.

Soma Luka 10:30–35. Msamaria hakuwa amepanga kukutana na mtu aliyejeruhiwa. Alikuwa na safari yake na shughuli zake. Lakini alikuwa na mafuta, divai, punda na fedha, na vyote hivyo vikageuka kuwa vifaa vya huduma. Je, sisi tukikutana na ajali barabarani kesho, tuna nini mkononi? Anayejua kufunga jeraha na kuzuia damu amekwisha kujiandaa kabla ya safari. Asiyejua atabaki kulia na kuita watu.

Tafakari: Ni ujuzi gani mmoja ambao ungeweza kujifunza mwaka huu ili siku ya taabu usisimame mikono mitupu?

JUMATATU
Radi usiku wa kazi

Mwaka 1899 ndugu yake Albert, Dokta John Cook, aliyejulikana kama Jack, alifika Mengo. Sasa madaktari walikuwa wawili, na Katharine alisimamia uuguzi. Hospitali kubwa zaidi ilijengwa badala ya ile ya kwanza. Wagonjwa walitoka mbali, wengine wakibebwa kwenye machela siku nyingi. Walikuja wenye ndui, kuhara damu, vidonda sugu, mtoto wa jicho, na majeraha ya chui na mamba. Siku ilianza kwa ibada wodini, ndipo kazi ya tiba ikafuata. Kwa Cook hivi viwili havikutengana, na sisi tunaoamini kwamba kazi ya afya na kazi ya injili ni mwili mmoja tunamwelewa.

Jambo jingine aliloshika tangu mwanzo lilikuwa kuandika. Kila mgonjwa aliandikiwa habari zake: ugonjwa, tiba, na kama alipona au alikufa. Kazi hii inachosha, hasa pale foleni inapozunguka nyumba. Lakini aliyehesabu na kuandika ndiye awezaye kuona baadaye kwamba ugonjwa mpya umeingia, au kwamba dawa fulani haifai kitu.

Kisha mwaka 1902 radi iliipiga hospitali. Paa la nyasi likashika moto, na jengo lote likateketea. Wagonjwa waliokolewa, lakini nyumba waliyoijenga kwa miaka ilikuwa majivu. Wengi wetu tunaijua hali hii kwa sura nyingine. Mkulima wa mtama anayeona mvua ikikatika wakati suke linatoka, au mwenye alizeti anayepoteza mazao yake kwa usiku mmoja, anajua moyo unavyoweza kusema basi, imetosha.

Wao walianza tena. Hospitali ya matofali ilijengwa na kufunguliwa mwaka 1904. Hata kabla ya kuta kusimama, kazi haikukoma, kwa sababu wagonjwa hawakuacha kuugua eti kwa kuwa jengo limeungua.

Soma 2 Wakorintho 4:7–10. Paulo analinganisha watumishi wa Mungu na vyombo vya udongo. Chungu huvunjika. Kilicho cha thamani ni hazina iliyomo. Wakati mwingine tunashikamana na chungu kupita hazina: tunapenda jengo, kibao, sare na jina la idara yetu, na vikipotea tunadhani huduma imekufa. Mengo ya mwaka 1902 inatuambia vinginevyo.

Tafakari: Kama kanisa lenu lingepoteza jengo na sanduku la fedha leo, ni huduma gani kwa majirani ingeendelea kesho asubuhi?

JUMANNE
Ugonjwa usio na dawa

Mwezi Februari 1901 wagonjwa wenye dalili za ajabu walifika Mengo. Mtu alianza kwa homa na uvimbe wa tezi za shingo. Baadaye akabadilika tabia, akawa mzito wa kusema, akasinzia mchana hata mbele ya chakula. Mwisho alilala bila kuamshwa, akakonda na kufa. Ndugu wawili wa Cook walitambua kwamba yalikuwa malale, ugonjwa uliojulikana Afrika Magharibi na Kongo, ambao haukuwa umewahi kutambuliwa Uganda.

Mwanzoni hawakujua ulienezwa na nini. Tume ya wataalamu ilitumwa kutoka Uingereza mwaka 1902. Daktari Mwitaliano Aldo Castellani aliviona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba mbebaji ni mbung'o wa vichaka vya pwani ya ziwa. Kujua chanzo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kujua chanzo si kuwa na dawa. Busoga, visiwa vya Buvuma na Sese, na pwani za Buganda ziliendelea kuzika watu. Katika miaka ile inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa.

Hapa changamoto za msaada zilijitokeza wazi. Mwaka 1906 Robert Koch, mwanasayansi wa Ujerumani aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alifika visiwa vya Sese na dawa iliyoitwa atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Wagonjwa wengi walipata nafuu mwanzoni, na matumaini yakapanda. Alipoongeza kipimo cha dawa, baadhi yao wakapofuka, wala hawakuona tena. Naye gavana wa Uganda, Hesketh Bell, aliamuru watu wahamishwe kutoka pwani na visiwani ili watenganishwe na mbung'o. Hatua hiyo ilipunguza maambukizo. Lakini wavuvi walipoteza ziwa lao, familia zikaacha makaburi na mashamba ya ndizi, na kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kurudi. Huenda uamuzi ule uliokoa maisha, lakini pia uliumiza. Wanaofanya kazi ya msaada wakati wa maafa hukutana na maamuzi ya namna hii hata leo.

Wadventista nao walikuwa ziwani katika miaka hiyo hiyo. Novemba 1906 Arthur Carscallen na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, walifika Gendia karibu na Kendu Bay. Miaka michache baadaye utume ukaanzishwa Majita, upande wetu wa ziwa. Waanzilishi wetu walihubiri katika nchi iliyokuwa na msiba.

Sasa soma Mathayo 25:34–40 kwa makini. Mfalme anawasifu walio kuume kwake kwa sababu alikuwa na njaa wakampa chakula, alikuwa uchi wakamvika. Kuhusu mgonjwa, anasema nini? Hakusema walimponya. Anawasifu kwa kuja kumwangalia. Na kuhusu mfungwa hakusema walimfungulia gereza. Anawasifu kwa kumwendea. Bwana anajua kuna magonjwa tusiyoyaweza na milango tusiyoweza kuifungua. Hatatuuliza kwa nini hatukufanya muujiza. Atauliza kama tulikwenda.

Kwa daktari aliyezoea kuona watu wakipona, malale yalikuwa shule ngumu. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kupima, kuandika, kulisha, kuosha, kuomba na kuzika. Mbele ya Mungu huo ni uuguzi kamili.

Tafakari: Kuna mgonjwa gani ambaye umeacha kumtembelea kwa sababu huna la kumpa?

JUMATANO
Msaidizi anapokosea

Sura hii ya maisha ya Cook haisimuliwi mara nyingi, lakini ina faida kwetu.

Katika daftari za Mengo idadi ya wagonjwa walioandikwa kuwa na kaswende ilikuwa kubwa mno. Serikali ilipata wasiwasi. Daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, alitumwa Uganda, na mwaka 1908 taarifa yake ikatangaza kwamba sehemu kubwa sana ya Waganda wameambukizwa. Takwimu za Mengo zilikuwa miongoni mwa misingi yake. Taarifa hiyo iliwalaumu watu kwa kuporomoka kwa maadili, na habari zikaenea hata Ulaya kwamba taifa zima linaangamia kwa uasherati. Kampeni kubwa ya matibabu ilianzishwa, ikiwa na sheria za kuwalazimisha watu kupimwa.

Madaktari wa baadaye walipozichunguza upya kumbukumbu hizo waliona tatizo. Kuna ugonjwa mwingine wa ngozi na mifupa, buba, ambao watoto huambukizana kwa kugusana tu wakicheza. Kijidudu chake kinafanana sana na kile cha kaswende, na vipimo vya damu havikuweza kuvitofautisha. Wengi kati ya walioandikwa kuwa na kaswende yawezekana walikuwa na buba, au aina ya kaswende isiyoenezwa kwa zinaa. Cook alikuwa mtaalamu mwangalifu kuliko wengi wa siku zake. Hata hivyo hesabu yake ilitumika kuwavisha watu vazi la aibu ambalo wengi wao hawakustahili.

Soma Mithali 18:13. Sulemani anamwonya anayejibu kabla ya kusikia. Ni jaribu la kila mtoaji msaada. Tunafika mahali penye shida, na kwa kuwa tumebeba unga na dawa tunajiona tumekwisha kuwajua watu. Tunasema hawa ni wavivu, ndiyo maana wana njaa; yule binti ametembea vibaya, ndiyo maana anaumwa. Rafiki zake Ayubu walianza vizuri walipoketi naye kimya siku saba. Waliharibu walipofungua midomo na kueleza kwa nini aliteseka.

Mtu aliyepokea msaada pamoja na aibu huugua mara mbili. Njaa yake hupita mvua ikinyesha, lakini jina baya aliloandikiwa kwenye orodha hubaki kijijini. Kwa hiyo anayehudumu katika maafa alinde heshima ya watu kama anavyolinda chakula kisiloane. Asipige picha za mama anayelia ili kuonyesha wafadhili. Asitangaze ibadani majina ya waliosaidiwa. Na akigundua kwamba alihukumu vibaya, arudi aseme.

Tunaweza kushukuru kwamba kumbukumbu za Mengo hazikuchomwa. Kwa kuwa Cook aliandika kila kitu kwa uaminifu, hata makosa yake yaliweza kuonekana na kusahihishwa. Anayeficha hesabu zake huwanyima wanaomfuata nafasi ya kujifunza.

Tafakari: Tunapowagawia watu msaada, maneno yetu na orodha zetu zinawaacha wakiwa na heshima au na aibu?

ALHAMISI
Kuwaachia wengine kazi

Mwaka 1914 vita vya wazungu vilifika Afrika Mashariki. Majeshi yalihitaji watu wa kubeba chakula na risasi, kwa kuwa mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa mizigo. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi, wengi wao kwa nguvu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi, limetokana na kikosi hicho. Maelfu kwa maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara damu, homa na njaa kuliko kwa risasi. Mengo ikawa hospitali ya vita, ikipokea askari na wapagazi waliorudi wamekonda mifupa.

Wingi wa wagonjwa ulionyesha wazi kwamba madaktari wachache kutoka Ulaya wasingeweza kamwe kuimaliza kazi. Wakati wa vita Cook alianza kuwafundisha vijana wa Uganda elimu ya tiba pale Mengo. Baada ya vita Katharine akasimama mbele kuanzisha shule ya wakunga, iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati huo. Mabinti wa Uganda walifundishwa, wakafanya mtihani, kisha wakatumwa kwenye vituo vidogo vijijini kuwazalisha akina mama. Albert na Katharine waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili mkunga asome kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Pengine hili ndilo tendo lao kubwa kuliko yote. Tiba ya mtu mmoja huishia kwa mtu mmoja. Mkunga mmoja aliyefundishwa vizuri huokoa watoto na akina mama ambao mwalimu wake hatawaona kamwe. Soma 2 Timotheo 2:2 uhesabu ni vizazi vingapi vimetajwa katika mstari huo mmoja.

Rudi pia kwa Msamaria wa Luka 10. Hakukaa na majeruhi milele. Alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akaacha fedha, akaahidi kurudi kulipa zaidi. Alijua wakati wa kufunga jeraha, na alijua pia wakati wa kumwachia mwingine kazi. Miradi mingi ya msaada hufa kwa sababu mleta msaada alitaka ufunguo wa stoo ukae mfukoni mwake tu. Siku alipoondoka, alama pekee iliyobaki ni kibao kilichopauka kando ya barabara.

Mwaka 1932 Cook alipewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza, akaitwa Sir Albert. Alipostaafu hakurudi kwao kupumzika. Alibaki Uganda. Katharine alifariki mwaka 1938, na Albert aliishi miaka mingine zaidi ya kumi akiwa mjane katika nchi aliyoifikia kwa miguu. Alifariki mwezi Aprili 1951, akiwa na umri wa miaka 81. Hospitali ya Mengo inafanya kazi mpaka leo. Daftari zake za wagonjwa zimehifadhiwa Makerere, ambako maktaba ya wanafunzi wa udaktari inaitwa kwa jina lake.

Tafakari: Nani anajifunza kwako huduma unayoifanya kanisani? Ukiugua mwezi ujao, itaendelea?

IJUMAA
Jifunze zaidi

Maafa hayako mbali nasi. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang, yakaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Katesh ni mji wa barabara yetu. Anayetoka Singida kwenda Babati hupita hapo. Serikali, jeshi, Msalaba Mwekundu, makanisa na wananchi walikimbilia kuokoa, na magari ya misaada yakaonekana kwa wingi. Lakini watoto waliopoteza wazazi siku ile hawakumaliza kuwa yatima magari yalipoondoka. Mjane aliyefunikiwa duka lake alihitaji rafiki mwezi wa sita baadaye kama alivyohitaji blanketi siku ya kwanza.

Na hapa kwetu maafa mengi hayaji kwa kishindo. Ukame huja polepole. Mtama na uwele hukauka, bei ya mahindi hupanda, mifugo hukonda, baba huondoka kwenda kutafuta vibarua, na mtoto huacha shule bila tangazo lolote redioni. Hakuna anayelia kwa sauti, wala hakuna gari la msaada linalokuja. Kwa njaa ya namna hii kanisa la mahali lina nafasi ambayo shirika kubwa halina, kwa sababu lipo tayari. Shemasi anaijua nyumba ambayo jiko lake halijatoa moshi siku mbili. Akina mama wa Dorkasi wanamjua mzee anayeona haya kuomba.

Maisha ya Albert Cook yanatuachia mambo manne ya kuyashika. Jiandae kabla ya taabu, kama aliyejifunza tiba London kabla hajajua atakutana na nini. Endelea baada ya hasara, kama waliojenga tena baada ya radi. Kaa na mgonjwa hata usipokuwa na dawa. Waandae wengine waifanye kazi, wala usione haya kusahihishwa. Hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Yote yanahitaji mtu ambaye hataondoka.

Mwokozi wetu mwenyewe hakutuokoa kwa kutuma msaada kutoka mbali. Alikuja akakaa kwetu, akaugusa ukoma, akalia kaburini, na alipopaa alituahidi kuwa pamoja nasi siku zote. Kila tunapoketi kando ya kitanda cha mgonjwa bila kuwa na la kusema, tunaishuhudia ahadi hiyo.

Maswali ya kujadili:

1. Wagonjwa wa Sese walipofuka kwa dawa iliyoletwa kwa nia njema. Je, nia njema yatosha katika huduma ya msaada? Tunawezaje kujua kama msaada wetu unadhuru?

2. Watu wa pwani ya ziwa walihamishwa kwa lazima ili waokolewe na malale. Ni wakati gani ni halali kumlazimisha mtu kwa faida yake? Ni nini wanachostahili kuulizwa kwanza?

3. Jadilini Mathayo 25:36 kwa habari ya wagonjwa ambao hawataondokewa na ugonjwa wao: wenye saratani, wenye ulemavu, wazee wasiojitambua. Kundi lenu la Shule ya Sabato linawafikia namna gani?

4. Kama chakula cha msaada kilicholetwa kanisani kinatosha nusu tu ya wenye njaa, mtagawaje? Wasio washiriki wa kanisa wawekwe katika nafasi gani kwenye orodha? Linganisheni na Luka 10.

5. Kabla ya Sabato ijayo, chagueni nyumba moja katika mtaa wenu iliyopatwa na msiba zaidi ya miezi sita iliyopita, ambayo watu wameacha kuitembelea. Nani atakwenda, na lini?